Mfumo endelevu wa chakula ni nini? Tuanzie Tooro

Mwaka 2016, utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa nchini Uganda watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Wengi tungedhani Karamoja, yenye ukame na msimu mmoja tu wa kilimo, ndiyo ingeshika mkia. Wapi! Ni Tooro, magharibi mwa nchi, upande wa Fort Portal, kwenye mvua za misimu miwili na malori yanayoondoka na mikungu ya ndizi kwenda Kampala. Huko waliodumaa walikuwa karibu 4 katika kila 10.

Ndiyo maana wataalamu hawasemi kilimo tu, wanasema mfumo wa chakula. Humo mna udongo, mbegu na mvua, lakini pia mna dalali, lori, ghala, bei ya sokoni, kuni za kupikia, nani anapakuliwa nini, na taka zinaishia wapi. Mfumo huo huitwa endelevu ukiwalisha watu vizuri leo na wazalishaji wakapata riziki, bila kuchakaza udongo na maji ambayo wajukuu watayahitaji.

Uhakika wa chakula ni tunda la mfumo huo. Mkutano wa dunia kuhusu chakula, uliofanyika Roma mwaka 1996, uliueleza kuwa ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Kwenye lishe ndipo Tooro inapokwama. Matoke, yaani ndizi za kupika, sina ugomvi nayo, naila, ila ni wanga na maji mengi. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo: hushiba kabla hajapata protini, madini ya chuma au vitamini A ya kutosha. Mayai yapo uani, lakini yanauzwa yapatikane madaftari na sabuni. Mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto anasubiri. Akinywa maji machafu akaharisha, hata kile kidogo alichokula kinapotea.

Tiba si lazima itoke mbali. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vina vitamini A. Mtafiti wa Uganda Robert Mwanga ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye kwa kazi yake ya viazi hivyo. Ukiponda kiazi kimoja, ukachanganya na kijiko cha unga wa mukene (dagaa wetu wa ziwani, anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu ipo), ukatia dodo (mchicha) iliyokatwa vizuri na karanga za kusaga, mtoto kapata mlo. Mafuta ya karanga ndiyo yanayousaidia mwili kuifyonza ile vitamini. Tatizo ni kwamba mukene wengi huishia kwenye chakula cha kuku kabla hawajafika jikoni.

Tukirudi kwenye neno endelevu, tazama ule mkungu uliopakiwa. Umebeba potasiamu, sehemu ya rutuba ya shamba la Tooro. Kampala wanakula ndizi. Maganda mengine wanapewa ng'ombe wa mjini, mengi yanarundikana jalalani. Hakuna lori linalorudisha mbolea. Miaka ikipita, migomba inazaa mikungu midogo, na mkulima analaumu mvua.

Usalama wa chakula nao una habari yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka zisizokauka vizuri. Mahindi yakianikwa juu ya udongo mtupu na mvua ikayakuta, ukungu una nafasi yake. Turubai linapatikana na kila mkulima analijua. Lakini pale ambapo mnunuzi anapima gunia kwa kilo tu, unyevu nao ni uzito, na aliyekausha wiki nzima analipwa pungufu kuliko jirani aliyeleta mahindi mabichi. Semina za kuanika mazao zimefanyika nyingi. Mimi ningeanza na bei anayolipwa aliyekausha.