Je, wajua kwa nini mmisionari wa Mormoni hukaa kisiwani miaka miwili bila kuogelea?

Tarawa, nchini Kiribati katika Bahari ya Pasifiki, ni mlolongo wa visiwa vyembamba kiasi kwamba sehemu nyingi ukisimama barabarani unasikia maji huku na huku. Joto halina msimu na watoto hushinda majini. Katikati yao utawakuta vijana wawili wa miaka 19 au 20, mashati meupe, beji nyeusi kifuani, na kwa miezi yote 24 ya utumishi wao hawataogelea hata siku moja. Wenzao walioko Uganda ni hivyo hivyo. Aliyepangiwa Entebbe au Jinja ataliona Ziwa Viktoria kila siku, lakini kuogelea, hapana.

Jibu linalozunguka, na ambalo nami nililiamini kwa muda mrefu, ni kwamba Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanafundishwa kuwa maji ni milki ya Shetani. Hata baadhi ya waumini wao huambiana hivyo. Huku kwetu linaaminika upesi, kwa sababu maji yenye mwenyewe si jambo geni: katika visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Viktoria, Mukasa, mungu wa jadi wa Waganda, ndiye aliyejulikana tangu zamani kuwa na mamlaka juu ya ziwa, na hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe. Mtu akisikia kuna dini nyingine inayoogopa roho ya majini, anaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari yake. Jibu hili lakini si sahihi, na inafaa tuone lilikotoka.

Agosti 1831, Joseph Smith, aliyekuwa ameanzisha kanisa lake mwaka mmoja tu kabla, alikuwa akirudi Kirtland, Ohio, pamoja na wazee kumi, yaani wahudumu wa kanisa hilo. Waliteremka Mto Missouri kwa mitumbwi. Mto ule ulikuwa na miti iliyozama, inayonyanyuka na kushuka na mkondo, na mtumbwi ukiugonga mti wa namna hiyo unapinduka. Siku ya tatu hatari ziliwaandama. Mmoja wao, William W. Phelps, akasema ameona mchana kweupe mwangamizi akipita juu ya maji kwa nguvu. Kesho yake, tarehe 12 Agosti, kwenye ukingo wa mto, Smith akatoa ufunuo ambao leo ni sehemu ya 61 ya Mafundisho na Maagano, mojawapo ya vitabu vyao vitakatifu. Humo mna maneno kwamba maji yalibarikiwa mwanzoni, na kwamba katika siku za mwisho yamelaaniwa.

Ukiishia hapo, utasema kweli wanaogopa maji. Endelea kusoma. Aya ya 22 inasema Mungu hajali kama watumishi hao watasafiri kwa maji au kwa nchi kavu, mradi kazi waliyotumwa waitimize. Aya ya 27 inazungumzia mtu aliyepewa uwezo wa kuyaamuru maji. Onyo lenyewe lilihusu mto ule na safari ile. Hakuna mahali linapomkataza muumini kuoga, kuvua wala kuogelea.

Matendo yao nayo yanasema hivyo. Miaka sita tu baadaye, Julai 1837, wamisionari wao wa kwanza nchini Uingereza waliwabatiza watu mjini Preston ndani ya Mto Ribble, mchana, umati ukitazama. Oktoba 1843 Addison Pratt na wenzake watatu walipanda meli ya kuvulia nyangumi kutoka New Bedford, Marekani. Mmoja wao, Knowlton Hanks, alifia njiani, na mwisho wa Aprili 1844 Pratt akashuka Tubuai, kisiwa kidogo kusini mwa Tahiti. Pratt alikuwa baharia kabla ya kuwa mhubiri. Zaidi ya miezi sita juu ya bahari si safari ya mtu anayeamini bahari ni ya adui. Na leo hii Chuo Kikuu cha Brigham Young, ambacho ni cha kanisa hilo, kina timu ya kuogelea ya wanaume na ya wanawake. Muumini wa kawaida anaogelea atakavyo. Anayekatazwa ni mmisionari, kwa muda wa umisionari wake tu. Akirudi nyumbani Jumanne, Jumatano anaweza kujitupa majini na hakuna atakayemuuliza.

Kwa hiyo sababu haiko kwenye maji. Iko kwenye kazi yenyewe. Kanuni za wamisionari zimeweka kuogelea na michezo ya majini katika orodha moja na michezo ya kugongana miili, kupanda milima, kupanda farasi, bunduki, fataki, mashua za watu binafsi na pikipiki. Hapo Mganda ataelewa mara moja. Sheria inayomzuia kijana yule asiingie ziwani ndiyo inayomzuia asipande boda, na hakuna aliyewahi kudai kwamba boda zina Shetani. Unamwona Kampala akitembea juani au akingoja teksi huku boda ishirini zikimwita, na chanzo ni kilekile.

Lakini orodha ya hatari peke yake haitoshi kueleza. Mtu aliyekua ufukweni, anayeogelea kama samaki, kwa nini naye azuiwe? Hapa ndipo inabidi kuelewa jozi.

Mmisionari hana maisha ya peke yake. Anapewa mwenza, na hao wawili hukaa mahali wanapoonana na kusikiana usiku na mchana, isipokuwa chooni na bafuni. Wanafanya hivyo kwa kufuata Marko 6:7 na Luka 10:1, wanafunzi walipotumwa wawili wawili. Kiutendaji, jozi hufanya kazi kama sanduku la kikundi cha akiba kijijini, lile la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayemtuhumu mweka hazina kuwa mwizi. Sanduku limetengenezwa hivyo ili mtu mmoja, hata akichoka, akishawishika au akisingiziwa, asiweze kulifungua peke yake. Jozi ni hivyo: mmoja akiugua kuna wa kumpeleka kituo cha afya, mmoja akizushiwa jambo kuna shahidi, mmoja akikata tamaa kuna wa kumwamsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Sasa waingize majini. Kwenye nchi kavu wawili ni salama kuliko mmoja. Majini, wawili wasiofunzwa uokoaji wanaweza kuwa maiti wawili badala ya mmoja. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unapanda juu ya maji na kushuka, pumzi haitoshi hata kuita, mikono inakandamiza maji pande zote mbili, na kwa aliye mbali anaonekana kama anacheza. Akimfikia mtu, anampanda kama ngazi. Wavuvi wa Kasenyi wanalijua hili bila kitabu: nyavu zikinasa, mmoja huzama kuzifungua na mwingine hubaki ndani ya mtumbwi. Wakiruka wote wawili, mtumbwi hauna mwenyewe. Kanuni ya jozi inawalazimisha waruke wote, kwa maana hawaruhusiwi kuachana. Na mmoja akiogelea huku mwenziwe ameketi ufukweni, huyo wa ufukweni ndiye mwokoaji pekee, hana mafunzo, na moyo wake utamwambia aruke.

(Kwa faida ya kila anayeishi karibu na maji: usiruke. Mfikishie mti mrefu au kasia ukiwa umelala kifudifudi. Kama yuko mbali, mrushie jerikeni tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuniko barabara na kufungwa kamba. Jerikeni hiyo huelea kwa nguvu ya karibu kilo 19, na kinachohitaji kubaki juu ya maji ni kichwa cha kilo tano hivi. Kifuniko kikilegea inajaa maji na haina faida.)

Liko pia suala la hesabu. Kanisa hilo lina wamisionari zaidi ya 70,000 duniani, wengi wao wakiwa na umri ambao vijana huthubutu mambo kuliko wanavyopima. Tuseme, kwa mfano tu, kuogelea siku ya mapumziko kunaua mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka. Kwa familia moja hatari hiyo haionekani. Kwa anayewajibika kwa wote 70,000 ni majeneza saba kila mwaka, na kila moja linasafirishwa kutoka kisiwa fulani hadi kwa mama aliyekabidhi mtoto wake mikononi mwa kanisa. Rais wa misheni, anayekaa na vijana hao badala ya wazazi, anaangalia hesabu hiyo ya pili. Naona anafanya sawa. Hata hivyo uzito wa kila sababu ni tafsiri yangu: kanuni zinasisitiza usalama na kutotawanya akili, hazichambui jozi kama nilivyofanya hapa.

Kisiwani kanuni hiyo hupindishwa na jiografia. Mashua ya mtu binafsi iko kwenye orodha ya makatazo, lakini kuna visiwa ambavyo mashua ndiyo barabara, na hapo rais wa misheni ndiye anayeamua chombo gani kinapandwa na lini. Siku yenyewe ni ya utaratibu: kuamka saa kumi na mbili na nusu, nusu saa ya mazoezi, kusoma maandiko peke yako kisha na mwenza, kutoka kwenda kwa watu, kurudi jioni, kulala saa nne na nusu usiku. Siku moja kwa wiki ni ya maandalizi: kufua, kununua chakula, na tangu Februari 2019 kupiga simu nyumbani, jambo ambalo kabla ya hapo liliruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka. Kufua ndiko kunakomfundisha mgeni thamani ya tangi la mvua, kwa sababu sabuni ya kawaida ya kipande haitoi povu vizuri kwenye maji ya chumvi. Gumu kuliko yote huenda ni ugeni. Hanywi chai wala kahawa, na kukataa kikombe ulichopokewa nacho kwenye kibanda cha mvuvi kunahitaji maneno mazuri. Mchaichai anakunywa, na mwenyeji akijua hilo mambo hunyooka.

Na iko siku anapoingia majini, tena kwa nguo zote. Ubatizo wao ni wa kuzamishwa mwili mzima. Kanisani huwa kuna birika la kubatizia, lakini tawi dogo la kisiwani lisilo na jengo hutumia bahari au ziwa. Wanatafuta mahali pa maji ya kiunoni, sakafu yake imekaguliwa kwa miguu, mapema kabla upepo haujaamka. Wote wawili huvaa nyeupe. Mbatizaji hushika kifundo cha mkono wa kulia wa mbatizwa kwa mkono wake wa kushoto, na mbatizwa naye hukishika kifundo cha mkono huo wa kushoto wa mbatizaji kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto. Mbatizaji huinua mkono wa kulia, kiwiko kimekunjwa, hutaja jina kamili na kusema sala fupi isiyobadilishwa neno. Kisha mbatizwa huziba pua, mbatizaji humwekea mkono juu ya mgongo na kumlaza chini ya maji.

Kinachoharibika hapo ni nguo na vidole. Mashahidi wawili hutazama, na tangu 2019 hata mwanamke au mtoto aliyebatizwa anaweza kuwa shahidi. Ncha ya gauni au dole gumba la mguu likibaki juu, wanarudia yote tangu mwanzo. Gauni kavu hukusanya hewa na kuvimba kama puto, kwa hiyo mbatizwa huchuchumaa kwanza hadi shingoni ili hewa itoke. Magoti nayo yakunjwe wakati wa kulala, la sivyo miguu huruka juu.

Katika Ziwa Viktoria kuna jambo la ziada ambalo Kiribati hawalijui: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono waishio kwenye magugu na maji ya kina kifupi, hupenya ngozi kwa dakika chache, na huwa vingi zaidi jua linapokaribia utosi. Kwenda asubuhi mapema, mbali na magugu, hupunguza hatari bila kuiondoa, na kujifuta taulo haraka hakutegemewi. Njia iliyo bora ni kujaza tangi la kubatizia kwa maji ya ziwa yaliyochujwa konokono na kuyaacha siku mbili kamili, kwani vijidudu visipopata mwili hufa katika muda huo. Aliyeingia ziwani kwenyewe asikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, siyo michanga, kwa hiyo anahesabu wiki sita hadi nane ndipo anaenda kituo cha afya kupimwa na kumeza vidonge kulingana na uzito wake.