Namba ya mtu, namba ya pasipoti, namba ya faili

Waombaji wa viza huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: "Hapa wanapotaka namba ya utambulisho, niandike ipi?" Wana haki ya kuuliza. Mtu mwenye pasipoti, kitambulisho cha taifa na viza ya zamani ana namba tano au sita mbele yake, na fomu haimsaidii kuchagua.

Kabla hujaandika chochote, jiulize namba hiyo alipewa nani, au ilipewa nini. Kuna namba apewazo mtu, nazo kwa kawaida hukaa naye maisha yote. Kuna namba za hati: pasipoti ikiisha muda na ukapewa nyingine, katika nchi nyingi unapata na namba nyingine. Halafu kuna namba za faili, ambazo huanza siku unapofungua ombi na hazina kazi nje ya ombi hilo. Fomu nyingi ninazoletewa zikiwa zimekwama, mtu ameweka namba ya aina moja kwenye kisanduku cha aina nyingine.

Tuanze na pasipoti, maana ndani yake namba ya hati na namba ya mtu zinaweza kukaa mstari mmoja. Fungua ukurasa wenye picha. Chini kabisa utaona mistari miwili ya herufi kubwa na tarakimu, imejaa alama za <. Kila mstari una nafasi 44. Mpangilio huo unatoka kwenye waraka namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, na ndiyo sababu mashine ya uwanja wowote wa ndege inaweza kusoma pasipoti ya nchi yoyote inayoufuata. Ndani ya waraka kuna pasipoti ya mfano, ya nchi ya kubuni iitwayo Utopia. Mstari wake wa pili ni huu:

L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10

Nafasi tisa za mwanzo, L898902C3, ndizo namba ya pasipoti. Ile 6 inayofuata si sehemu yake. Ni tarakimu ya uhakiki, na watu wengi wanaonakili kutoka mstari huu badala ya sehemu ya juu ya ukurasa huibeba pamoja na namba. Baada yake kuna msimbo wa nchi, tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka (12 Agosti 1974) na tarakimu yake ya uhakiki, jinsia, kisha tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo na tarakimu yake. Halafu inakuja ZE184226B. Hiyo ndiyo namba binafsi ya mwenye pasipoti, iliyotengewa nafasi 14. Si lazima nchi iitumie nafasi hiyo. Nyingine huweka namba ya kitambulisho cha taifa, nyingine huijaza alama za < tu. Kwa hiyo usiione tupu ukadhani pasipoti yako ina kasoro.

Tarakimu ya uhakiki inapatikana hivi. Herufi hugeuzwa kuwa namba: A ni 10, B ni 11, hadi Z ambayo ni 35. Kila nafasi huzidishwa kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1, mpaka mwisho. Unajumlisha, unagawa kwa 10, na baki ndiyo jibu. Kwa L898902C3 jumla ni 316, baki 6. Sasa andika herufi O badala ya ile sifuri: jumla inakuwa 340, baki 0, na mashine inajua papo hapo kuna kitu hakiko sawa.

Tatizo ni kwamba fomu ya mtandaoni kwa kawaida haikuombi tarakimu hiyo. Inapokea chochote utakachoandika. Kosa la O na sifuri, au I na moja, linaweza kupita kimya, viza ikatoka na namba isiyo ya pasipoti yako, ukaja kugundua siku ya safari. Ndiyo maana mimi humsomesha mteja namba kwa sauti, tarakimu moja moja, hata akichoka nami.

Namba za kitaifa zenyewe hazifanani. Nyingine hazisemi lolote kuhusu mwenyewe, nyingine zimebeba tarehe yake ya kuzaliwa. Sweden ilianza kutoa namba binafsi za aina hiyo mwaka 1947. Mgeni ambaye hajasajiliwa kama mkazi huko hupewa namba ya muda ambayo siku ya kuzaliwa imeongezwa 60, hivyo aliyezaliwa tarehe 12 anasomeka 72. Norway nao huongeza 4 kwenye tarakimu ya kwanza, na 12 inakuwa 52. Nimeona mtu "akisahihisha" tarakimu hizo akiamini ofisi imekosea. Zinakiliwe kama zilivyo.

Fomu ya Marekani ya viza za muda, DS-160, inauliza namba tatu kwa mpigo: ya kitambulisho cha taifa, ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na ya mlipakodi wa Marekani. Asiyewahi kuishi wala kufanya kazi Marekani kwa kawaida hana mbili za mwisho, na kuna kisanduku cha kusema swali halimhusu. Kitumie. Usirudie namba yako ya kitaifa wala usibuni sifuri tisa. Fomu hiyo hiyo huuliza pia namba ya kitabu cha pasipoti, tofauti na namba ya pasipoti. Pasipoti nyingi hazina kitu hicho, na jibu ni lile lile. Fomu ya Schengen, yaani ya viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, yenyewe huomba namba ya kitaifa pale tu inapokuwepo.

Kwa Marekani kuna pia namba A ya wahamiaji, mabaki ya sheria ya mwaka 1940 ya kuandikisha wageni. Ina tarakimu 7 hadi 9, na mfumo ukitaka 9 unaongeza sifuri mwanzoni, baada ya herufi A. Mwombaji wa viza ya utalii kwa mara ya kwanza kwa kawaida hana. Canada wanayo ya kwao, ya tarakimu 8 au 10, inayomfuata mtu katika maombi yake yote, wakati kila ombi lina namba yake inayoanza na herufi. Barua zao hubeba zote mbili, moja chini ya nyingine, na hapo ndipo watu huchanganya.

Aina hizi tatu huonekana wazi pasipoti inapobadilika. Namba yako ya mtu haiguswi. Viza ya Marekani iliyo hai ndani ya pasipoti iliyoisha muda bado inafaa, mradi usafiri na pasipoti zote mbili na viza isiwe imeharibika. Lakini vibali vya kielektroniki kama ESTA ya Marekani na eTA ya Canada vimefungwa kwenye namba ya pasipoti, kwa hiyo pasipoti mpya inadai kibali kipya hata kama cha zamani kilikuwa na mwaka mzima mbele. Na kama ombi lako bado liko mezani pasipoti mpya inapotoka, waandikie ukitaja namba ya faili, namba ya pasipoti ya zamani na ya mpya, na uambatanishe nakala ya ukurasa wenye picha wa kila moja.