Ile robo haiishi kwa mtoto wa kwanza

Wiki hii tena. Baba na mama wana watoto wawili, wote wana selimundu, na wananiambia huyu wa pili hakupaswa kuumwa: waliambiwa ni mmoja kati ya wanne, na huyo mmoja walishampata. Siwalaumu. Kuna aliyewachorea vile visanduku vinne vya Punnett, mchoro wa jinsi jeni za wazazi zinavyoweza kukutana kwa mtoto, akaandika SS (mgonjwa) kwenye kimoja, akawaruhusu waende nyumbani. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiangalia mchoro ule anaona watoto wanne.

Visanduku vyote vinne ni vya mimba moja! Mimba inayofuata inaanza na vinne vyake upya.

Mzazi AS, anayebeba bila kuumwa, ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) namba 11 mbili, moja ina jeni ya A, ile ya kawaida, nyingine ya S, ile ya selimundu. Mayosisi, yaani migawanyiko miwili ya seli inayotengeneza mbegu na mayai, inazitenganisha, na kila mbegu inaondoka na moja. Korodani hazitunzi daftari la watoto waliotangulia; nusu ya mbegu zina S mwaka huu kama zilivyokuwa mwaka wa harusi. Kwa mama ni vilevile, ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Jeni hii iko karibu na ncha ya kromosomu, mbali na sentromia (pale kromosomu inapobanwa), kwa hiyo kromosomu zinapobadilishana vipande, mara nyingi A na S hubaki pamoja hadi mgawanyiko wa pili. Na kwenye yai, mgawanyiko wa pili hukamilika mbegu ya baba ikishaingia. Mara nyingi, basi, yai halijaamua bado hata siku ya kutungwa mimba. Litakumbukaje mtoto wa kwanza?

Nimeikokotoa hesabu ya wenza AS kwa AS wanaozaa watoto wanne. Takriban 32% hawatapata mgonjwa hata mmoja, 42% watapata mmoja, na 26% wawili au zaidi. Familia ile ya kwenye mchoro haifikii hata nusu ya familia zote.

Kwa mashangazi wanaosema ugonjwa umeletwa na mke: SS ni S mbili, moja ya baba, moja ya mama. Na kuwa grupu O hakumkingi mtu. Jeni ya makundi ya damu iko kromosomu namba 9, haina habari na hii.

Swali linalonisumbua mimi ni lingine. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja, wote SS, mmoja analazwa kwa maumivu kila mara, mwenzake anasoma na kucheza mpira. Sehemu ya jibu ni himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya utotoni: ikiendelea kuwa nyingi ukubwani, chembe hazijikunji sana. Jeni BCL11A inayosaidia kuizima iko kromosomu namba 2, kwa hiyo mayosisi inaigawa bila kujali S imekwenda wapi. Wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia wana himoglobini hiyo kwa wingi na huugua kwa unafuu kuliko wetu. Hata hivyo, siwezi kumtazama kichanga mwenye SS nikawaambia wazazi atakuwa kama yupi kati ya wale ndugu wawili. Vitabu vinaandika SS kana kwamba ni hali moja, na kliniki yangu inanionyesha vingine kila siku.

Halafu kuna yule mtoto asiye mgonjwa, ambaye familia humsahau kabisa. Tukishajua si SS, vimebaki visanduku vitatu: kimoja AA, viwili AS. Uwezekano wa kubeba S ni thuluthi mbili, wala si nusu. Mpelekeni akapimwe himoglobini kwa elektroforesi, kipimo cha damu kinachotenganisha aina zake kwa umeme, na majibu yawekeni pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, ayakute kabla hajachumbia au kuchumbiwa.