Oikos si baba, mama na watoto peke yao

Nimelisikia tena, safari hii katika mahubiri ya ndoa: kwamba neno la Kigiriki oikos katika Agano Jipya maana yake ni familia, "yaani baba, mama na watoto". Oikos ni nyumba: jengo lenyewe, watu walio chini ya mwenye nyumba, na pengine ukoo mzima, kama nyumba ya Daudi. Fasili inatosha hapo. Kinachonikera ni hiyo "yaani".

Katika miji kama Filipi na Korintho, nyumba ya mtu mwenye uwezo ilikuwa na mke na watoto, lakini ilikuwa pia na watumwa, watumwa walioachwa huru na watu wengine waliomtegemea. Neno lenyewe la mtumwa wa nyumbani, oiketes, limetoka katika shina hilohilo, nalo ndilo analotumia Luka katika Matendo 10:7, pale Kornelio anapowaita watumishi wake wawili ili awatume Yafa. Vivyo hivyo, Paulo anapowapelekea Wafilipi salamu za watu wa nyumbani mwa Kaisari (4:22), wengi wanaokusudiwa si wana wa mfalme bali ni watumwa na walioachwa huru waliofanya kazi zake. (Hapo neno ni oikia, pacha wa oikos; wanaoyatenga mawili haya, moja la watu na jingine la kuta, wasome 1 Wakorintho 1:16 na 16:15, ambapo nyumba ya Stefana inaitwa kwanza oikos, kisha oikia, na watu ni walewale.)

Kiswahili hakijapungukiwa na neno. Biblia ya Union inasema "nyumba yako" katika Matendo 16:31, na imesema sawasawa. Anayetaka kufafanua zaidi analo neno kaya, analolijua kila aliyehesabiwa katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022: karani aliuliza ni nani waliolala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na dada wa kazi akaandikwa pamoja na wenye nyumba.

Kwa hiyo ningemwomba mhubiri, kwa heshima zote, mara nyingine aseme kaya badala ya familia, na akifika Matendo 16:34, pale mlinzi wa gereza anapofurahi na nyumba yake yote, awaachie na watumishi nafasi katika furaha hiyo.