Mbio za Droni Hazihitaji Anga Kubwa: Pa Kuanzia Sheria Zinapobana

Karibu kila anayenijia akitaka kuanza mbio za droni huuliza habari za mahali kabla ya kuuliza habari za mashine. Amesoma sheria, ameona marufuku ya kuruka karibu na viwanja vya ndege, marufuku ya kuruka juu ya watu, kikomo cha urefu, usajili na vibali, na anahisi mlango umefungwa kabla hajabisha hodi. Mimi huunda droni hizi, huzirusha na kuwafundisha wengine, na jibu langu halibadiliki: katika matumizi yote ya droni, mbio ndizo zinazohitaji anga dogo kuliko zote. Sehemu kubwa ya sheria inagusa mambo asiyoyahitaji rubani wa mbio.

Itazame njia ya mbio yenyewe. Malango, yaani fremu ambazo droni hupita ndani yake kwa mpangilio, husimama ardhini, na uwazi wa lango la kawaida ni mita moja na nusu hivi kila upande. Rubani anayepaa juu amepoteza muda, kwa kuwa itambidi ashuke tena kulifuata lango lijalo. Ushindi unapatikana chini, kwenye kona, palipo na nafasi ya sekunde chache kati ya lango na lango. Njia nzima ya droni yenye propela za inchi tano hutosha ndani ya uwanja wa mpira na nafasi ikabaki. Ya droni ndogo hutosha kwenye ukumbi.

Sheria inaogopa nini

Desemba 2018, uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulisimamisha safari kwa zaidi ya siku nzima kwa sababu ya taarifa za droni kuonekana karibu na njia ya kurukia. Safari takriban 1,000 ziliathirika. Tangu hapo hakuna mamlaka ya usafiri wa anga inayolichukulia jambo hili kwa wepesi, na sidhani inapaswa. Ndege inayotua na helikopta ya uokoaji huruka chini, na rubani aliye ndani yake hana namna ya kuiona mashine ya ukubwa wa sahani kwa wakati.

Ukishaielewa hofu hiyo, sheria zinasomeka kwa urahisi. Kikomo cha urefu katika nchi nyingi ni mita 120 hivi, na Marekani husema futi 400, ambayo ni karibu sawa. Usikaribie viwanja vya ndege. Usiruke juu ya watu wasiohusika. Na kubwa kwetu sisi: iweke droni mahali unapoweza kuiona kwa macho.

Hapo ndipo penye fundo, maana rubani wa mbio huvaa miwani ya video. Anaona anachokiona kamera, basi. Haoni mbwa anayeingia uwanjani wala mtoto anayefuata mpira, na helikopta ikija kutoka nyuma ya miti hana habari. Marekani na Umoja wa Ulaya wamelifungua fundo hili kwa njia moja: rubani wa miwani awe na mwangalizi kando yake, anayeiangalia droni na anga kwa macho yake mwenyewe, na wawe wanasikizana bila taabu.

Watu wengi huichukulia nafasi hii kama sharti la karatasi, wakamweka rafiki aliyeshika simu. Nalisema hili kwa uzito: mwangalizi ndiye rubani wa pili. Havai miwani, harekodi video, hashangilii. Anatazama. Kabla ya betri kuunganishwa mnakubaliana neno moja la kusimamisha, na likitamkwa droni inashuka papo hapo, maswali baadaye. Nikimfundisha mtu mpya, huanza kumweka kwenye uangalizi kabla sijampa miwani. Anajifunza kuisoma njia, anaona wengine wanapoanguka na kwa nini, na anaelewa muda ulivyo mfupi kati ya hatari kuonekana na hatari kufika.

Uzito nao una mstari wake: gramu 250. Marekani, droni ya burudani iliyo chini ya hapo haihitaji kusajiliwa, na kwa hiyo haihitaji kile kifaa cha kujitambulisha kwa redio kinachodaiwa kwenye droni zilizosajiliwa. Lakini usidhani gramu 250 ni ruhusa ya kila mahali. Katika Umoja wa Ulaya, hata droni nyepesi kuliko hiyo humlazimu mwenyewe kujisajili ikiwa ina kamera, na kila droni ya mbio ina kamera. Marufuku ya maeneo hayaangalii uzito hata kidogo. Tena zipo nchi ambako kibali hutakiwa kabla ya kuingiza droni mpakani au hata kuimiliki. Kwa hiyo soma kanuni za mamlaka ya anga ya nchi yako, na zile za forodha, kabla hujatoa pesa. Soma waraka wenyewe, usitegemee video ya mtu anayeishi nchi nyingine.

Chini ya paa

Mamlaka ya usafiri wa anga husimamia anga. Marekani na Uingereza, ndani ya jengo lililofungwa sheria za urukaji hazifiki. Uingereza huhesabu hata eneo lililozungushiwa wavu pande zote na juu, kiasi kwamba droni haiwezi kutoroka. Kinachobaki ni ruhusa ya mwenye jengo na usalama wa waliomo.

Kwa ajili hiyo pana droni inayoenea kiganjani. Fremu yake ni milimita 65 kutoka mota hadi mota, propela zake za milimita 31 zimezungushiwa pete za plastiki, betri ni ya seli moja, na ikiwa na betri yake huwa haifiki gramu 40. Ikimgonga mtu, hushtuka kuliko anavyoumia. Dakika tatu au nne za kuruka kwa betri moja zinatosha, kwani raundi ya mbio huwa fupi kuliko hapo. Viti viwili na kamba ni lango. Meza ni daraja la kupita chini yake.

Asikuambie mtu kwamba hiki ni kichezeo cha kupitishia muda hadi upate droni ya kweli. Vijiti vya rimoti ni vilevile, programu ya ndani mara nyingi ni ileile Betaflight inayoendesha droni za inchi tano, na makosa huadhibiwa haraka zaidi kwa sababu kuta ziko karibu. Marubani hodari ninaowajua hurudi kwenye hizi ndogo kila wanapotaka kunoa kona zao.

Na chini ya paa ndipo historia ya mchezo huu imeandikwa. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Zurich kilitangaza kwamba droni yake iitwayo Swift, inayojiendesha kwa akili bandia, imewashinda mabingwa watatu, Alex Vanover, Thomas Bitmatta na Marvin Schaepper, kwenye njia ya malango saba. Mashindano yale yalifanyika ndani ya jengo. Watu watatu wenye majina makubwa kabisa walipambana na mashine bila kuhitaji hata kipande cha anga la wazi.

Simuleta kwanza

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua rimoti. Namaanisha rimoti halisi ya redio, yenye vijiti vizuri, inayounganika na kompyuta kwa waya wa USB. Nashauri yenye mfumo wa ExpressLRS, kwa sababu ni mfumo huria, mawasiliano yake hufika mbali na vipokezi vyake, vinavyofungwa kwenye droni, ni vyepesi. Iunganishe na simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urukaji, kama Velocidrone au Liftoff, na tayari unaruka mahali ambapo hakuna kibali kinachohitajika.

Unachokwenda kujifunza humo ni kuruka bila kushikwa mkono. Droni za kupiga picha hujisawazisha: ukiachia vijiti zinasimama hewani. Droni ya mbio hurushwa kwa hali ambayo kijiti kinaamuru kasi ya kugeuka. Ukikiachia, droni inabaki imeinama ulivyoiacha na kuendelea kwenda huko huko. Kijiti cha nguvu hakina springi ya kukirudisha katikati, kwa hiyo urefu wako unaushikilia kwa kidole, muda wote. Kamera nayo imefungwa ikitazama juu kidogo, kwa sababu droni huinamisha pua ili iende mbele. Anayeanza aweke nyuzi 20 hivi. Wa mbio hufika 40 na zaidi. Kadiri kamera inavyoinuka ndivyo unavyolazimika kwenda kasi ili uione njia.

Mazoezi ninayoyaamini yanachosha na yanafanya kazi. Zunguka nguzo moja, kulia kisha kushoto. Chora umbo la nane kwenye nguzo mbili. Pita lango moja, geuka, lipite tena. Usiongeze kasi mpaka umalize mizunguko mitatu mfululizo bila kugusa kitu. Katika mashindano ya ngazi ya chini, anayefika mwisho kwa mwendo wa kadiri huwapita wengi walioanza kwa fujo wakaishia kwenye nguzo ya pili. Luke Bannister wa Uingereza aliposhinda World Drone Prix mjini Dubai mwaka 2016 alikuwa na miaka 15. Rudi Browning wa Australia naye alikuwa na miaka 15 alipotwaa ubingwa wa dunia wa kwanza wa FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, huko Shenzhen, China, mwaka 2018. Vidole hujifunza mapema, na simuleta haiulizi umri.

Sheria ya pili: redio

Wengi husoma sheria za anga wakasahau kwamba droni yao ni kituo cha kurusha video. Picha hupita kwenye masafa ya gigahezi 5.8, na kila nchi ina kikomo chake cha nguvu. Ulaya, bila leseni, ni miliwati 25. Marekani, mitambo mingi ya video ya analogi humtaka rubani awe na leseni ya redio ya ridhaa. Mbio zenyewe mara nyingi huendeshwa kwa miliwati 25, maana ukizidisha nguvu unazifunika picha za wenzako. Kundi la chaneli nane lililozoeleka kwenye mbio huanzia megahezi 5658 na kuishia 5917, zikiachana kwa megahezi 37. Ukiwasha droni yako kwenye chaneli ya mtu aliye hewani, miwani yake inaingia giza na droni yake inaanguka. Ndiyo maana kwenye uwanja wa mbio hakuna anayeunganisha betri kabla ya kuuliza na kujibiwa.

Kuomba uwanja

Klabu ni njia fupi kuliko zote ya kuruka nje kihalali: ina eneo lililokubaliwa, mara nyingi ina bima, na inajua ni nani wa kupigiwa simu. Ikiwa hakuna, andika barua kwa mwenye ardhi na kwa mamlaka. Weka ramani ya eneo, urefu wa juu kabisa mtakaofika, siku na saa, idadi ya droni zitakazokuwa hewani kwa pamoja, mahali watakaposimama watazamaji na wavu utakaowakinga. Andika urefu mnaouhitaji kweli. Barua inayoomba mita kumi husomwa tofauti kabisa na inayoomba 120.

Eleza pia kitakachotokea mawasiliano yakikatika, kwa sababu ofisa makini atauliza. Droni za picha hujirudisha nyumbani. Za mbio huwekwa zizime mota na kuanguka pale pale, kwani droni iliyoanguka ndani ya njia ni salama kuliko iliyopotea ikiwa bado inazunguka propela. Jaribu jambo hili kila siku ya kuruka: toa propela, unganisha betri, washa mota, kisha zima rimoti. Mota zikisimama ndani ya muda mfupi uliouweka, funga propela. Zikiendelea kuzunguka, droni hiyo hairuki siku hiyo hadi mpangilio wa kipokezi urekebishwe na ujaribiwe upya.