Mvinyo wa asali hugoma kwa njaa: lishe ya hamira, joto na hewa

Kilo moja ya asali nzuri ina takribani gramu 800 za sukari, maji yasiyofika gramu 200, na naitrojeni kidogo mno. Hamira ikitiwa humo hula kwa pupa siku chache za mwanzo, kisha hulegea. Mvinyo hubaki mtamu kama juisi, au unaanza kunuka yai viza. Wengi hulaumu pakiti ya hamira au hubadilisha kipimo cha asali. Mara nyingi tatizo ni njaa tu: sukari ni mafuta ya kuendeshea kazi, lakini hamira haiwezi kujenga mwili wake bila naitrojeni na vitamini. Nanasi na pasheni huja na sehemu ya lishe hiyo. Hata wazee wanaotengeneza tonto, pombe ya ndizi ya Uganda, hutia unga wa mtama kwenye juisi ya ndizi, na mtama ule huleta hamira ya asili pamoja na chakula chake. Asali haiji na kitu.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye asali, na matunda nitayagusa pale yanapohitaji mkono tofauti.

Kipimo

Kwa jerikani ya lita 20, tumia asali kilo 5, kisha ongeza maji hadi jumla ifike lita 18. Lita mbili za juu ziache wazi kwa ajili ya povu. Pima asali kwa kilo, kwa sababu lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4, na anayesikia "kilo tano" akamimina lita tano ataweka asali kilo saba. Kilo 5 ni kama gramu 4,000 za sukari, yaani gramu 222 kwa lita. Kila gramu 17 hivi za sukari kwa lita hutoa asilimia moja ya kileo, ukaenda mpaka mwisho. Hapo unapata mvinyo wa asilimia 12 hadi 13. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, itasoma karibu 1.085. Kama huna haidromita, nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Bila hiyo huwezi kujua kama mvinyo umemaliza au umelala tu, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua chupa.

Chagua asali isiyo na moshi. Iwe ya West Nile, Karamoja au ya jirani yako, asali iliyovunwa kwa moshi mwingi, kisha masega yakakamuliwa pamoja na majana, itabeba moshi ule hadi kwenye glasi. Haiondoki kwa kukaa. Onja kwanza: ikikukereketa kooni kama moshi wa kuni, waachie wanaoitumia kwa dawa.

Usiichemshe. Harufu ya maua ndiyo thamani yote ya mvinyo huu, na mvuke huondoka nayo. Pasha maji lita mbili yawe vuguvugu, kama nyuzi 40, koroga asali humo mpaka iyeyuke, engua nta na vipande vya masega vinavyoelea, halafu ongeza maji baridi. Maji ya bomba yachemshe na kuyapoza, au yaache ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Klorini ikikutana na mvinyo huzaa ladha ya dawa ya hospitali. Ndiyo sababu pia sishauri kusafishia vyombo kwa Jik: ukiitumia, suuza mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa. Sodiamu metabisalfaiti, gramu 10 katika lita moja ya maji, ni bora zaidi kwa kusuuzia ndoo, mpira na vizibo.

Hamira na chakula chake

Hamira ya mkate itafanya kazi. Pakiti ya gramu 11 inatosha lita 18, lakini nyingi huchoka kwenye kileo cha asilimia 10 hadi 12, haishikamani vizuri chini, na huacha ladha ya unga. Ukipata hamira ya mvinyo, Lalvin EC-1118 ni ngumu na haichagui sana: inavumilia nyuzi 10 hadi 30 na kileo hadi asilimia 18. Lalvin D47 inasifiwa sana kwa asali, lakini inataka chumba kilicho chini ya nyuzi 20. Miji ya milimani yenye baridi kama Kabale au Kisoro itakufaa. Kampala itakupa ladha kali inayochoma koo.

Kwa asali mimi hutia pakiti mbili za gramu 5. Iloweshe kwanza katika maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi nyuzi 37 au 38, kama mililita 100, kwa dakika 15. Kisha ongeza vijiko vichache vya maji ya asali, subiri dakika kumi, ongeza tena, mpaka joto la vyote viwili likaribiane. Kuimwaga kavu juu ya maji baridi ya asali huua sehemu kubwa kabla haijaanza.

Sasa chakula. Kwa lita 18, andaa gramu 10 za daiamoniamu fosfeti ya daraja la chakula, ambayo wengi huijua kwa herufi DAP, na gramu 24 za hamira ya mkate iliyochemshwa dakika kumi katika maji kidogo. Hamira iliyokufa hutoa vitamini na asidi amino, na hamira hai huila bila shida. Gawa vyote mafungu manne. Fungu la kwanza litie saa 24 baada ya kuweka hamira, la pili saa 48, la tatu saa 72. La nne litie theluthi ya sukari ikishaliwa, yaani haidromita ikisoma karibu 1.057. Ikifika huko kabla ya saa 72, tia mafungu yaliyobaki kwa pamoja. Ukichelewa mpaka kileo kipite asilimia 9, hamira haitaweza tena kuipokea DAP, na itakayobaki ni ladha ya chumvi na chakula cha vijidudu vingine.

DAP ya shambani, ile ya kahawa na mahindi, isiingie kwenye mvinyo hata kijiko kimoja. Jina la kemikali ni moja lakini mbolea haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na inaweza kubeba metali nzito kama kadmiamu. Zabibu kavu nazo, zinazotajwa kila mahali kama lishe, huleta kidogo mno. Ungehitaji kilo nyingi ili zifanye kazi.

Usinyunyizie unga mkavu juu ya mvinyo unaochachuka. Gesi yote iliyomo itatoka kwa pamoja na povu litaruka hadi ukutani. Koroga kwanza taratibu gesi itoke, kisha mimina lishe ikiwa imeyeyushwa.

Siku tatu za mwanzo koroga kwa nguvu asubuhi na jioni. Hamira inahitaji oksijeni wakati inazaliana. Baada ya theluthi ya sukari kuisha, oksijeni inageuka adui: funga kabisa. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa, upande mmoja umepita kwenye kizibo bila kuacha upenyo na wa pili umezama kwenye chupa ya maji, unatosha. Gesi inatoka, vinzi haviingii. Hao vinzi wadogo wa ndizi mbivu ndio wanaobeba bakteria wa siki, na bakteria hao hawafanyi kazi bila hewa.

Limau lisubiri. Mapishi ya zamani husema kamulia limau mwanzoni. Asali haina cha kuzuia asidi isipande, na hamira yenyewe hutengeneza asidi inapofanya kazi, kwa hiyo pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikipanda, inaweza kushuka chini ya 3.2 na kazi ikasimama. Onja mwishoni, ndipo uongeze asidi ukiona imepooza.

Joto

Chumba cha matofali Kampala hukaa nyuzi 22 hadi 27, na uchachukaji wenyewe huongeza nyuzi kadhaa. Stoo ya mabati mchana ni tanuri. Weka jerikani ndani ya beseni la maji, uifunike kwa gunia lililolowa linalogusa maji yale. Upepo ukipita unapunguza nyuzi tatu hadi tano. Juma la kwanza ndilo la kulinda kuliko yote.

Ukigoma hata hivyo

Haidromita ikisimama juu ya 1.020 kwa siku saba mfululizo, angalia joto, kisha pH. Kama pH iko chini ya 3.2, tia potasiamu baikaboneti gramu 5, koroga, pima tena. Usitumie baikaboneti ya sodiamu ya mandazi, itatia chumvi. Kisha anzisha hamira mpya pembeni: iloweshe kama kawaida, ipe nusu kikombe cha maji ya asali, ikianza kutoa povu ongeza nusu kikombe cha mvinyo uliogoma. Rudia kila baada ya saa kadhaa mpaka una lita mbili zinazotoa povu, ndipo umwage kwenye jerikani. Kumwaga pakiti kavu ndani ya kileo cha asilimia 8 ni kuitupa.

Harufu ya yai viza ikitokea mapema, ni ombi la chakula: lisha na koroga. Ikitokea mwishoni, hamisha mvinyo kwa kuumwaga kwa kishindo mara moja, kisha funga.

Matunda

Nanasi: kilo 9 zilizomenywa na kukatwa, sukari kilo 2.7, maji hadi lita 18. Fungia vipande kwenye kitambaa ndani ya ndoo, vizamishe mara mbili kwa siku, vitoe siku ya tano. Lishe nusu ya ile ya asali inatosha.

Embe na mapera usiyachemshe, pektini, ile inayogandisha jemu, italeta wingu lisilotulia kwenye mvinyo. Tia kimeng'enya cha pektini saa 12 kabla ya hamira. Kimeng'enya hiki, ndiyo, huachia methanoli, kileo chenye sumu, kidogo, lakini kiasi cha mvinyo wa matunda wa kawaida hakidhuru. Vifo vya Kabale vya mwaka 2010 vilitokana na waragi, pombe kali ya kunereka, uliokuwa na methanoli nyingi, jambo tofauti kabisa. Usinereke mvinyo wako.

Pasheni ndiyo rafiki mkubwa wa asali. Ina asidi kali sana, kwa hiyo iingie baadaye: mvinyo wa asali ukimaliza na kuhamishwa, mashapo yakaachwa chini, tia lita moja na nusu ya juisi iliyochujwa, bila kusaga mbegu maana zina uchungu. Harufu inabaki, na asidi iliyokosekana inapatikana humo humo.

Chupa

Hamisha kwa mpira kila mashapo yakitimia kidole kimoja, jaza jerikani hadi shingoni, na subiri miezi minne hadi sita. Haidromita isome karibu 1.000 au chini, bila kubadilika kwa majuma mawili. Ukitaka kuurudishia utamu, tia kwanza potasiamu sobeti gramu 4 na potasiamu metabisalfaiti gramu 1.5 kwa lita 18, mvinyo ukiwa umeshakuwa mwangavu, kisha ndipo asali. Sobeti huzuia hamira isizaane. Haisimamishi ile ambayo tayari inafanya kazi. Kila unapojaza chupa za kioo, jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda na uiweke pamoja nazo. Ikikaza ukiiminya, fungua zote siku hiyo hiyo.