Je, wajua kwa nini treni ya kwanza ya Paris iliishia Le Pecq, chini ya mlima?

Magharibi ya Paris mto Seine umejikunja kunja kama nyoka, na kwenye mkunjo mmoja kuna kamji kanaitwa Le Pecq, watu elfu 16 hivi, wengi wao asubuhi wanadandia treni ya RER A (njia ya treni inayounganisha Paris na vitongoji vyake) wanaenda zao Paris kupiga mzigo, jioni haoo wanarudi kulala.

Sasa reli iliyofunguliwa pale Agosti 1837 ndo ya kwanza kubeba abiria kutoka Paris, na iliitwa reli ya Paris hadi Saint-Germain. Kichekesho ni kwamba Saint-Germain haikufika! Mji huo, alikozaliwa mfalme Louis XIV mwaka 1638, uko juu kabisa, mita 50 na ushee kutoka mtoni, na vichwa vya treni vya mvuke enzi zile havikuwa na ubavu wa kupanda mlima mkali vile, basi abiria wakawa wanashushwa Le Pecq, tena ng'ambo ya mto, uvuke daraja mwenyewe halafu uanze kupanda kwa miguu au utafute gari la farasi.

(Mfalme wa wakati huo, Louis-Philippe, hata hakupanda siku ya uzinduzi, mawaziri walimkatalia eti ni hatari. Akaenda mkewe, malkia Marie-Amélie 😂)

Mwaka 1847 ndo wakaja na mtambo ambao mimi mpaka leo nauvulia kofia. Walilaza bomba kubwa katikati ya reli, ndani yake kuna pistoni iliyoshikana na behewa la mbele, halafu huko juu mlimani pampu za mvuke zinanyonya hewa iliyo mbele ya pistoni, kwa hiyo hewa ya nyuma inaisukuma na treni nzima inapanda bila kichwa chochote! Ufa wa juu ya bomba, ambamo pistoni iliunganishwa na behewa, ulizibwa na ngozi iliyopakwa mafuta. Kushuka je? Walijiachia tu na mteremko, mkono kwenye breki.

Mtambo ulidumu mpaka 1860, vichwa vyenye nguvu vilipopatikana wakaung'oa.

Na kingine, ile treni ya 1837 ilitumia nusu saa hivi kutoka Paris. RER ya leo kutoka katikati ya Paris? Nusu saa hivi hivi, ila inasimama vituo kibao.